Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: umeuliza mbona wanaume wametulia

Mbukwenyi Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo na pole na majukumu.

Mi ni muuguzi kwenye zahanati ya pembezoni hapa halmashauri yako, jina sitaji maana najua kesho nitaitwa kujieleza. Juzi kwenye kikao ulisoma majibu ya yale madodoso ya kuridhika na kazi, ukasema akina mama wa afya mnalalamika sana mbona wanaume wametulia. Watu wakacheka. Mi sikucheka.

Kwanza hawajatulia kihivyo, nao wanalia na madaraja yasiyopanda na malimbikizo ya mshahara kama sisi. Ila ukija mwaliko wa semina Dodoma mjini anaenda mwanaume, eti mama una mtoto mdogo utalala wapi, na posho inaenda naye. Kampeni ya chanjo, yeye na pikipiki. Mi nabaki na kliniki ya wajawazito asubuhi, kuzalisha usiku, kujaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, mtoto mgongoni. Mwenzangu simlaumu ni kijana mzuri tu, ndo utaratibu wenu huo. Hafu anajaza dodoso ameridhika, asiridhike kwa nini!

Sheria ya ajira ya 2004 inanipa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Asanteni sana. Nikienda kunyonyesha mama mwenye uchungu abaki na nani, na mlango nani aangalie?

Sasa wiki iliyopita nimegongewa saa nane usiku. Nimepanga ng'ambo ya korongo maana kule karibu hakuna chumba, aliyekuja kuniita kashakimbilia kwa mgonjwa wake, natembea na tochi ya simu mara jamaa wawili wanatoka kilabuni wakaanza kunifuata, nesi, nesi, njoo utuchome sindano. Nilikimbia mheshimiwa, ndala mkononi, nikafika nikazalisha mikono inatetemeka. Mwanaume huku usiku anaogopa fisi, mi naogopa fisi na watu.

Nyumba ya mtumishi ipo, si ndio? Ipo, imeishia kwenye lenta. Ulikuja mwenyewe ukapigwa picha mbele yake ukasema kabla ya mvua tutahamia. Mvua zimeshapita, waliohamia ni mbuzi.

Uhamisho wa kumfuata mume nimeomba kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, na mpaka leo unasubiri, sijui umekwama kwako au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nahisi mnaogopa nikiondoka hakuna wa kuziba. Basi mnaogopa kunipoteza ila kunilinda hamtaki.

Mambo ya semina tutaongea siku nyingine. Leo naomba hilo boma liezekwe, na mlinzi wa usiku. Boma likishindikana basi mlinzi. Vijana wapo wamejaa kijiweni hawana kazi, na barua ya kuomba mlinzi, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati yetu, kashaandika, iko mezani kwako. Mlinzi tu mheshimiwa, saini hiyo barua.

Muuguzi wako