Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu, viongozi wa dini, wazee wetu, wazazi na wanafunzi, salaam.

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha Arua salama. Tunakushukuru zaidi kwa kuja wewe mwenyewe, maana tumekwisha kuzoea kuletewa wawakilishi.

Shule hii ilianzishwa na wazazi kwa matofali waliyofyatua kwa mikono yao, na leo sifa zake zimeenea West Nile nzima, kona hii yetu ya kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa mpira wa pete hatuna mpinzani hapa jirani. Klabu yetu ya Afya, uliyoitazama ikiigiza hivi punde, imeelimisha vijiji vyote vinavyotuzunguka.

Umewasikia watoto wakieleza homa ya uti wa mgongo kama waganga wakuu: kwamba ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na kwamba chanzo chake si kimoja. Iko ya virusi, ambayo wengi hupona. Iko ya kuvu, inayowaandama hasa watu ambao kinga yao imeliwa na VVU. Iko ya kifua kikuu. Na iko ya bakteria, wakiwemo wale wale waletao nimonia, na meningokoka, ambao ndio wanaotunyima usingizi sisi wazazi.

Mheshimiwa, sisi tuko ndani ya ule ukanda wa ugonjwa huu unaoanzia Senegali hadi Ethiopia. Kuanzia Desemba vumbi na upepo mkavu hukwangua koo, na mtu mzima wa afya huweza kubeba vijidudu kooni asijue. Akikohoa karibu na mwenzake, amempa. Asipotibiwa upesi mgonjwa huweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na katika kila watano wanaopona homa ya bakteria, mmoja hubaki na ulemavu: uziwi, kifafa, au akili kupungua. Tunaishukuru serikali kwa chanjo ya mwaka 2017. Lakini ile ilikuwa ya meningokoka wa kundi A peke yake. Wale wa makundi C, W na X haiwazuii.

Sasa tunaomba, kwa heshima zote, upite bweni la wasichana kabla ya chakula. Vitanda vimesogezwa hadi magodoro yanagusana, na wengine wanalala wawili wawili, pumzi kwa pumzi. Madirisha ya upande wa barabara yamepigiwa mbao kwa kuogopa wezi. Mtoto mmoja akianza kuumwa kichwa na shingo kukakamaa usiku, waliomzunguka wote wameshavuta hewa yake.

Jiwe la msingi la bweni la pili liliwekwa na mgeni aliyekalia kiti hicho kabla yako, tukampigia vigelegele. Jiwe lipo, ukuta hakuna. Aliyemfuata, naye pia kabla yako, akatuahidi mabati. Tulipoandika kukumbusha, tulijibiwa kwamba jambo linashughulikiwa, na barua hiyo tunayo.

Sisi hatukukaa tu. Matofali tumechoma, mchanga tumemwaga nyuma ya jiko, na kila mvua inabeba sehemu yake. Kinachotushinda ni saruji mifuko 300, mabati 120, na madirisha mapana yanayofunguka, yenye nondo. Uzio, kompyuta na gari la shule tumeviacha makusudi, usije ukatuchagulia kilicho rahisi.

Tunaomba bweni lisimame kabla ya vumbi la Desemba. Na utakaposimama kutujibu, Mheshimiwa, tunaomba utaje tarehe, na jina la afisa tutakayemfuata ofisini. Katibu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Wazazi