Mwache paka wako awe paka

Swahiba wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio nawe. Huku hatujambo. Mswada wa hadithi yako ya upelelezi nimemaliza kuusoma juzi na tangu hapo nazunguka nao kichwani, maana nimeupenda kweli na nataka ufike unakostahili kufika.

Nianze na huyu mwandishi wako wa habari. Umempata! Hadithi nyingi za aina hii, zile ambazo damu haionekani na muuaji ni jirani anayesalimiana na kila mtu, hukwama mahali pamoja: kwa nini watu wamjibu mpelelezi ambaye si askari? Mtu wa kawaida akibisha hodi kuuliza marehemu alikuwa wapi Jumanne usiku, atafungiwa mlango. Huyu wako kuuliza ndiyo kazi yake. Ana daftari, ana mhariri anayemkimbiza na saa, na anajua kumbukumbu za mahakama na za ardhi zinapatikana wapi. Pale alipokaa kimya kusudi akamwacha mjane aujaze ukimya mwenyewe, nilijua umewatazama watu wa kazi hiyo kwa makini. Hapo usipaguse.

Kinachonisumbua ni sura ya tisa. Paka anapanda mezani, anaweka mguu juu ya jina la muuaji gazetini, mwandishi anaelewa, mambo yameisha. Swahiba, litoe hilo. Paka hajui mauaji ni nini wala hana habari na haki ya marehemu. Anajua njaa, joto, harufu, na mahali pake pa kulala ambapo hataki mtu apasogelee. Ukimfanya ajue siri umemnyang'anya mwandishi kazi yake, na msomaji naye umemnyima nafasi ya kubahatisha. Msomaji wa hadithi hizi anataka dokezo liwe limekaa mbele ya macho yake tangu mapema, alipite, kisha arudi nyuma kurasa mia moja kuhakikisha kwamba kweli lilikuwapo. Kwa hiyo paka afanye ya kipaka tu, na binadamu ndiye ayasome.

Na dokezo unalo tayari. Yule paka mweupe umempa macho ya buluu yote mawili. Zaidi ya nusu ya paka wa namna hiyo huzaliwa viziwi, kwa sababu zile chembe za rangi zinazokosekana kwenye manyoya ndizo pia zinazohitajika ndani kabisa ya sikio ili lisikie. Sasa mrudie mpwa wa marehemu katika sura ya nne. Anadai kwamba marehemu alipokuwa safarini, yeye ndiye alikuwa akija kila jioni kumlisha paka, na ndiyo sababu ana ufunguo wa nyumba. Mwongezee sentensi moja isiyo na uzito: "Nikimwita tu kutoka mlangoni, huja mbio." Usiikazie. Ipite katikati ya maneno mengine, mwandishi aiandike daftarini pamoja na yale ya mvua na ya bili ya umeme.

Halafu sura ya saba. Mwandishi yuko jikoni kwa marehemu, amechoka, kifuniko cha sufuria kinamponyoka na kugonga sinki nyuma ya paka. Yeye mwenyewe anaruka. Paka anaendelea kulamba mguu wake, hata sikio halitikisiki. Hapo usieleze chochote. Kesho yake arudi ajaribu tena, apige makofi akiwa amesimama nyuma ya mlango, mbali, kwa sababu paka kiziwi huhisi mtikisiko wa sakafu kwa nyayo zake na mtu anaweza kudhani amesikia. Pia si kila paka mweupe mwenye macho ya buluu ni kiziwi, na mwandishi mzuri hakubali jambo aliloliona mara moja tu. Akisharidhika ndipo afungue daftari. Mtu aliyemlisha paka huyu hata jioni mbili angejua kwamba haitwi, anafuatwa alipo na kuguswa.

Yule msomaji wenu aliyekuambia kwamba hadithi ya paka ni ya watoto asikuvunje moyo. Mwaka 1994, katika Kisiwa cha Prince Edward huko Kanada, mwanamke mmoja alitoweka, na baadaye likapatikana msituni koti la ngozi lenye damu yake na manyoya meupe ya paka. Polisi mmoja akakumbuka kwamba mwenzi wa zamani wa mwanamke yule alikuwa akiishi kwa wazazi wake, na katika nyumba ile kulikuwa na paka mweupe aitwaye Snowball. Alihangaika kutafuta maabara ya kupima manyoya ya paka hadi akampata Stephen O'Brien, mtaalamu wa jenetiki nchini Marekani aliyekuwa akichunguza jamii ya paka. Snowball akatolewa damu, na DNA yake ikalingana na ya manyoya ya kwenye koti.

Sehemu ninayoipenda inakuja hapo. Hawakushangilia. Walijiuliza kwanza: je, kama paka wa kisiwani wote ni ndugu wa karibu? Kulingana huko kungekuwa hakuna maana yoyote. Wakapima na paka wengine wa kisiwa kile, wakaona wanatofautiana vya kutosha. Mwaka 1996 yule mwanamume akatiwa hatiani kwa mauaji. Snowball hakujua lolote. Alipukutisha manyoya, na watu wenye subira wakauliza swali la pili baada ya kupata jibu walilolitaka. Nani atasema hayo ni ya watoto? Mpe mwandishi wako tabia hiyohiyo, ya kulitilia shaka hata jambo linalompendeza.

Ukihitaji vidokezo vidogo vya kati, viko. Paka wa Siam manyoya yake hukoza pale mwili ulipo baridi zaidi, ndiyo maana masikio, uso, miguu na mkia ni vyeusi. Akinyolewa ubavuni kwa ajili ya upasuaji, kile kiraka mara nyingi huota kikiwa kimekoza na kukaa hivyo miezi kadhaa. Jirani anayeapa kwamba paka wake wa Siam hajawahi kufikishwa kwa daktari wa mifugo anaweza kuumbuliwa na ubavu wa paka mwenyewe. Dume la rangi tatu ulilolitaja sura ya pili ni nadra mno, wasomaji wanaofuga watakushika palepale, basi mgeuze awe jike. Na yale maua ya yungiyungi (lily) chumbani kwa yule mama anayesema paka ndio wanawe, yatumie: paka akilamba hata chavua iliyomwangukia kwenye manyoya, figo zake zinaweza kufa. Anayewajua paka hayaweki ndani. Ila paka asife, nakuomba sana. Anayechukua hadithi ya aina hii amekuamini kwa hilo.

Sasa mwisho. Umempeleka mwandishi peke yake usiku ghalani akamkabili muuaji mwenye bastola, na mimi hapo nilimpoteza yule mtu niliyemfahamu tangu ukurasa wa kwanza. Mwandishi wa habari hawezi kuchapisha kwamba fulani ametenda uovu bila kwanza kumpa fulani nafasi ya kujibu. Swahiba, hiyo ndiyo sura yako ya mwisho, na imo ndani ya kazi yake tayari! Waketi mchana sebuleni kwa marehemu, kinasa sauti kiko wazi mezani, mhariri yuko chumba cha pili. Amsomee mpwa hoja moja baada ya nyingine, zile nyepesi kwanza, kila moja ikiwa imethibitishwa na vyanzo viwili, na kila mara amwache ajibu mpaka amalize. Ya paka iwe ya mwisho.

"Ulisema ukimwita huja?"

"Kila siku."

Paka amelala dirishani, amewapa mgongo.

"Hebu mwite."

Kumbuka tu kwamba uwongo huo haumtii mtu hatiani. Unafungua swali jingine: kama jioni zile hakuwa akimlisha paka, ule ufunguo aliutakia nini, na ni nani aliyekuwa akijaza lile bakuli? Jibu la swali la pili unalo, ni mjane, na hujampa nafasi ya kulisema. Mwongezee mistari. Nafasi utaipata ukikata zile kurasa za historia ya gazeti katika sura ya tano. Zimeandikwa vizuri, ila zinasimamisha hadithi kipindi ambacho msomaji anataka kujua nani alitoka na ufunguo.

Nitumie sura ya nne na ya saba ukishazigusa, hata kama bado hazijakaa sawa. Na uniambie umeamua vipi kuhusu jirani wa paka wa Siam, maana mimi bado namshuku.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi swahiba wako