Namba D haikuambii gari lina umri gani

Mhariri,

Matangazo ya magari yaliyotumika siku hizi yanafanana kama mapacha: "IST namba D, gari haidai, AC kipupwe, bei maongezi yapo." Kijana aliyejibana mpaka akafikisha milioni kumi, amechoka kugombea daladala za Mbagala na Gongo la Mboto, anasoma tangazo lile na hakuna alichoambiwa. Tunaomba ukurasa wenu wa matangazo umtake kila muuzaji aandike vitu vitatu: mwaka wa kutengenezwa, herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi, na aina ya giaboksi. Hivyo vitatu vinamsaidia mnunuzi kuliko maneno yote ya dalali. Wakati hilo likisubiriwa, wanaonunua mwezi huu wasome haya.

Herufi za kwenye namba ya usajili, kama hiyo D, zinaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini. Hazisemi lilitengenezwa lini. Toyota IST ya mwaka 2003 iliyoshushwa bandarini ikiwa na miaka kumi na tano ina namba D, na inauzwa ghali kuliko IST ya 2005 yenye namba C, ambayo ni changa zaidi. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe. Kwetu linaingia, ila linalipiwa ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana barabarani mwetu kuna magari mengi yaliyo mageni nchini na mazee kwa umri. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, lakini wanunuzi wengi wanaiangalia kadi siku ya kulipa tu, wakiwa wameshapenda rangi.

Kwa mtu wa mjini mwenye fedha ya kuhesabu, sisi tunamshauri achukue gari la petroli la cc 1000 hadi 1500, na kama inawezekana lenye injini ya Toyota ya 1NZ-FE na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Injini hiyo ya cc 1500 imo kwenye IST, Runx, Allex, Raum, Probox, Spacio ndogo na Premio ndogo. Kwa hiyo plagi, koili, pampu ya maji au maunti (raba zinazoshikilia injini) utavipata Kariakoo au Shaurimoyo siku hiyohiyo, vipya au vya mtumba, na fundi wa mtaa wowote ameshaifungua. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Kwenye foleni ya Dar usitegemee zaidi ya kilomita kumi hadi kumi na tatu kwa lita. Anayekuahidi ishirini anakuuzia gari.

Chesisi ya magari ya Japani inajieleza yenyewe. IST ikianza na NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500, NCP65 ni ya cc 1500 inayovuta magurudumu yote manne, ambayo mtu wa mjini haihitaji na inakula mafuta zaidi. Zote hizo ni za umbo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. IST ya umbo la pili inaanza na NCP110, na hiyo ina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia. Kwenye Premio ya umbo la 2001 hadi 2007, NZT240 ndiyo ya 1NZ. ZZT240 ni ya cc 1800 yenye injini ya 1ZZ, ambayo za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili. AZT240 ni ya cc 2000 na juu ya injini pameandikwa D-4. Hiyo iache. Mfumo wa D-4 unapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo vali za kuingiza hewa haziogeshwi na petroli na zinajaa masizi, pampu yake ya presha ni ghali, na petroli chafu inaiumiza mapema. Inauzwa kwa bei ya kushawishi kwa sababu wenyewe wanazikimbia.

Passo ya cc 1000 ni gari zuri la kwenda kazini peke yako. Ina silinda tatu, kwa hiyo kutetemeka kidogo ikiwa silensa (imewaka bila kukanyagwa mafuta) ni tabia yake. Ikipakia watu watano, AC ikiwa imewashwa, ikapanda kilima cha Pugu, utajua kwa nini ni rahisi. Honda Fit ya kwanza ya cc 1300 nayo ina wapenzi wake, ila ina plagi nane. Mafundi wengi wanabadilisha nne za mbele na kuziacha nne za nyuma zilizojificha, halafu mwenye gari anashangaa mbona bado inamisi, yaani injini inakatakata. Ukikuta BMW kwa bei ya IST, bei hiyo ina sababu yake.

Sasa kwenye ukaguzi, na hapa ndipo fedha inapookolewa. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha mpaka kesho yake asubuhi, maana gari linalosumbua kuwaka likiwa baridi huwa linapashwa moto kabla mnunuzi hajaja.

Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta uchungulie. Unachotaka kuona ni kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, ya rangi safi, nyekundu, waridi au kijani. Ukiona maji ya rangi ya matope, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, na kutu imeshaanza kula rejeta, pampu ya maji na njia za ndani ya injini. Ukiona utando wa mafuta unaelea, funga kifuniko na uage, kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeachia. Fungua pia kifuniko cha kujazia oili na ukigeuze. Uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa chini yake una maana hiyohiyo, maji na oili vimekutana.

Baada ya hapo washa, zima AC, acha gari lisimame silensa mpaka lipate moto, na usikilize feni. Feni inatakiwa kuwaka yenyewe, izunguke kwa muda, izime. Feni inayozunguka tangu unapowasha swichi imefungwa dairekti, yaani waya wake umeunganishwa moja kwa moja kwenye umeme, na hakuna mtu anayefunga feni dairekti kwenye gari ambalo halijawahi kuchemsha. Mbaya zaidi ni kukosekana kwa themostati, vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, mafundi wengi wa mitaani wanaitoa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kufika kwenye joto lake, kompyuta inadhani gari bado ni la baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Mwenye gari analalamika kuhusu ulaji wa mafuta, anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, kumbe kifaa cha bei ndogo kiliachwa kwenye beseni la gereji. Kukagua ni rahisi. Mara tu baada ya kuwasha, shika hozi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibaki ya baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla themostati inapofunguka. Ikipanda joto polepole tangu mwanzo, huenda themostati haimo.

Moshi uangaliwe na mtu wa pili akiwa nyuma ya gari. Acha injini silensa dakika tano, kisha kanyaga resi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni maji. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Muuzaji mjanja huficha ulaji wa oili na mlio wa injini kwa kujaza oili nzito ya 20W-50. Injini hizi zilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na mfumo wake wa VVT-i, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali, unafanya kazi kwa presha ya oili kupitia matundu madogo. Oili nzito inamfaa muuzaji wiki moja, wewe inakuchosha mwaka mzima.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini, ya oili na ya betri lazima ziwake kwenye dashibodi. Injini ikiwaka, zinatakiwa kuzima. Taa ya injini isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa. Angalia na masega ya kusafisha moshi yaliyomo kwenye eksozi. Yana madini ya thamani na watu wanayatoa kuyauza, kisha wanachomelea bomba tupu mahali pake. Mlio wa eksozi unakuwa mzito na wa wazi, na huenda taa ya injini isitulie.

Giaboksi inapimwa hivi. Kanyaga breki, toka N kwenda D, kisha R. Gia inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. Ikichelewa, oili imepungua au klachi za ndani zimeisha. Gari likitetemeka sana ukiwa D na breki, na likitulia ukirudisha N, anza na maunti za injini, na hilo ni jambo la kupunguziana bei tu. Barabarani, otomatiki ya gia nne ibadilishe gia bila injini kupiga kelele katikati. CVT isikilize unapoondoka mpaka kilomita 40 kwa saa. Kutetemeka kwa mfululizo au mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo ni mkanda wake na beringi. CVT si mbaya kwa asili, tatizo letu ni kwamba oili yake ni ya aina yake, na wengi wamejaziwa oili ya otomatiki ya kawaida. Mkanda unaanza kuteleza na hapo hakuna matengenezo ya bei ndogo. Muulize muuzaji alijaza oili gani. Asipojua, umeshapata jibu.

Uwanjani, kata usukani wote upande mmoja uzunguke polepole, kisha upande wa pili. Mlio wa ka-ka-ka ni CV jointi, kiungo cha ekseli kwenye gurudumu, iliyoisha. Boljointi, bushi na stabilaiza linki za gari lililozoea barabara za Goba au Kivule zitakuwa zimechoka, na hilo lisikutishe, ziorodheshe tu uzitumie kwenye maongezi ya bei.

Kilomita za kwenye dashibodi zisikusumbue sana, zinarudishwa. Tazama raba ya pedali ya breki, kiti cha dereva na usukani. Pedali iliyolika mpaka upara haiendani na kilomita 70,000.

Bodi: angalia vichwa vya bolti za madigadi na boneti. Rangi iliyochubuka kwenye bolti ina maana spana imepita hapo. Kuhusu mafuriko, ambayo wauzaji hawayataji kabisa, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu wanaosha mazulia, viti na dashibodi, lakini ni wachache wanaokumbuka sehemu ya mkanda inayojiviringa ndani ya nguzo. Mstari wa tope kwenye mkanda, au kutu kwenye reli za chini ya kiti, ni ushahidi tosha. Gari lililozama kwenye mafuriko ya Jangwani litasumbua waya na kompyuta kwa miaka, na fundi umeme atakuwa ndugu yako.

Kwenye makaratasi, dai kadi halisi, siyo nakala. Kadi halisi ikiwa haionekani, huenda iko kwa mkopeshaji. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia na lilingane na kitambulisho chake cha NIDA. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha namba ya injini. Injini iliyobadilishwa si kosa, kosa ni kutoandikishwa TRA. Kagua faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na deni la maegesho kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa sababu madeni hayo yanafuata gari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili na uhamisho wa umiliki uanze siku hiyohiyo.

Mwenye milioni kumi anunue gari la milioni nane na nusu. Inayobaki ni ya wiki ya kwanza: oili ya injini, kama lita 3.7 kwa 1NZ ukibadilisha na filta yake, plagi nne, filta ya hewa, kulanti, themostati kama haikuwemo, fanibelti na breki pedi. Oili ya giaboksi ukiifungua haitoki yote, nyingi hubaki kwenye torki konveta, kwa hiyo badilisha, endesha wiki chache, badilisha tena. Kwenye otomatiki ya IST ya kwanza tumia oili aina ya T-IV. Matairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno) nzuri na mpira uliokauka, na likapasuka kwenye lami ya moto. Na usizoee kutembea taa ya mafuta ikiwa inawaka. Pampu imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe, ikibaki juu ya mafuta inaungua, na kwa kawaida inaungua ukiwa katikati ya foleni ya Tazara.

Mafundi wa gereji,
Ilala, Dar es Salaam