Risala ya Klabu ya Usuluhishi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Klabu ya Usuluhishi tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kukubali kuketi nasi chini ya turubai hili katika joto la Dar es Salaam. Wenzetu wa skauti na wa klabu ya mazingira wameshakuonyesha gwaride na miti. Kazi yetu sisi hufanyika ndani ya stoo ya zamani ya vitabu, mlango ukiwa umefungwa, na ikifanikiwa hakuna anayejua kwamba imefanyika. Ndiyo maana tumeomba dakika hizi tuieleze.

Ndugu Mgeni Rasmi, simu haziruhusiwi hapa shuleni na getini tunapekuliwa. Hata hivyo uonevu wa mtandaoni huingia kila Jumatatu asubuhi bila kupekuliwa na mtu, kwa kuwa umeshafanyika majumbani siku mbili zilizotangulia, katika magrupu ya WhatsApp ya darasa ambayo walimu hawamo, na mara nyingi kwa simu ya mzazi. Tumewahi kupokea shauri ambalo matusi yote yalitoka kwenye namba ya mama mmoja, picha yake ya kitenge cha harusi ikionekana pembeni ya kila ujumbe, ilhali mama mwenyewe alikuwa jikoni. Wazazi mliocheka, tunawaomba mkifika nyumbani mziangalie na simu zenu.

Shauri lililotufundisha kuliko mengine lilihusu stika. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alikuwa akirudi kutoka tuisheni Jumamosi kwa daladala ya Chanika, akasinzia, kichwa kikiegemea dirisha na mdomo ukiwa wazi. Kijana wa darasa lake akampiga picha, akaikata ikawa stika, akaiandikia maneno ya kumfananisha na samaki wa soko la Feri. Kufikia Jumapili usiku stika hiyo ilikuwa katika magrupu manne, na kila binti huyo alipoandika jambo lolote, hata kuuliza kazi ya Hisabati, alijibiwa kwa stika. Jumatatu hakuna aliyemtamkia neno baya. Walichofanya ni kuachama tu alipopita. Jumanne hakuja shule, wala siku tatu zilizofuata.

Kwa utaratibu uliozoeleka, kijana yule angechapwa. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na hatukuja hapa kuzijadili. Tunachokijua kwa kukiona ni kwamba siku mtu anapochapwa kwa kosa la mtandaoni, usiku wake grupu huchangamka zaidi, safari hii likimtafuta aliyekwenda kusema.

Katika shauri lile hatukuwakutanisha siku ya kwanza. Wasuluhishi wawili wa kidato cha tatu, pamoja na mwalimu wetu wa ushauri nasaha, walimsikiliza binti peke yake, kisha kijana peke yake. Tulidhani binti angetaka aombwe radhi. Alichotaka kwanza ni kujua stika iko katika magrupu gani na nani wameihifadhi. Kijana naye alikuwa na jibu ambalo tumelisikia karibu katika kila shauri, kwamba ulikuwa utani.

Neno hilo lilitugharimu kikao kizima, na hatujutii. Utani ni mali yetu. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana kwa vizazi vingi, na mtani anaweza kukusema hata msibani bila mtu kukasirika. Lakini mtani husema mbele yako, hujua kwamba nawe una ruhusa ya kumrudishia, na waliopo wanajua kuwa ninyi ni watani. Msuluhishi wetu alimwuliza kijana: binti huyu angekurudishia wapi, katika magrupu mawili ambayo hata hayumo? Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba kukutanishwa naye. Binti alikubali siku ya tatu, na kama asingekubali tungeishia hapo.

Makubaliano yao yaliandikwa kwenye karatasi moja na kusainiwa. Kijana aliandika maelezo kwa jina lake katika magrupu yote manne, kwa sababu klabu yetu haikubali mtu aliyetukana hadharani aombe radhi chumbani. Kazi kubwa ilikuwa ni kuwafuata wenye magrupu mmoja mmoja, maana kufuta ujumbe hakuifuti stika ambayo mwingine ameshaihifadhi kwenye simu yake. Hapa ndipo usuluhishi wetu unapotofautiana na ule wa barazani kwa balozi wa nyumba kumi, ambako watu wawili wakipatana neno limekwisha, kwani kwetu sisi watazamaji nao ni sehemu ya kosa. Binti alirudi darasani. Tukisema kweli yote, stika ilijitokeza tena mwezi uliofuata katika grupu moja, ikaondolewa na msimamizi wa grupu kabla hatujaambiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tusingependa uondoke ukidhani kwamba kila shauri linafaa kuletwa stoo. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, alitofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida: mwonevu hurudia, naye ana nguvu kuliko anayemwonea. Kwa hiyo ukiwaketisha wawili hao meza moja bila maandalizi, mnyonge atasema yamekwisha kwa sababu anaogopa njia ya kurudi nyumbani. Pakiwa na vitisho, picha za utupu, kudaiwa fedha au mtu mzima nyuma ya namba, sisi hatusuluhishi. Tunampeleka mhusika kwa Mkuu wa Shule, na tunamweleza kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na simu ya watoto namba 116.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inaweka kwa unyanyasaji wa mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kuhukumiwa kifungo. Wapo wanaozisoma sheria hizo mbili wakaona kwamba mwanafunzi hafanywi kitu. Sisi tunaona nafasi ya kumrekebisha mapema, ila nafasi hiyo inaharibiwa na watu wazima wanaotufuata pembeni na kutuambia, "Yamalizeni ninyi kwa ninyi, msichafue jina la shule." Hilo si usuluhishi, na tunaomba, kwa heshima zote, lisitumie jina letu.

Maombi yetu ni machache. Stoo haina dirisha, na dari ni la upande mmoja tu, hivyo anayelia anasikika kidato cha kwanza B, tunaomba chumba. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha anafundisha vipindi 28 kwa wiki, na mashauri huyasikiliza wakati wa chakula chake cha mchana, tunaomba apunguziwe. Tunaomba pia utusaidie kupata mafunzo kutoka kwa watu wanaofanya usuluhishi kila siku. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapatanisha waajiri na wafanyakazi hapa hapa jijini, na kumketisha mwenye nguvu na asiye na nguvu meza moja ndiyo kazi yao. Siku mbili tu za wasuluhishi wao zingetufaa sana. Kwa wazazi, tunaomba kila grupu la darasa liwe na mzazi mmoja aliyechaguliwa na wanafunzi wenyewe, si wa kuwapeleleza, bali wa kufuatwa na mwenye shida Jumapili usiku, saa ambayo sisi na walimu hatupo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukipenda kuiona stoo baada ya shughuli hii, ufunguo anao mlezi wetu, aliyeketi safu ya pili.

Tunaomba kuwasilisha.