Taarifa za hitilafu za vifaa tiba ziunganishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaoandaa zabuni za programu za kusimamia hitilafu za vifaa tiba hospitalini. Mazungumzo kuhusu programu hizi huelekea zaidi kwenye kasi ya kupokea taarifa na kumpangia fundi kazi, ilhali jambo linaloweza kuokoa maisha ni uwezo wa kuiunganisha taarifa moja na nyingine, na zote pamoja na nyaraka za mashine husika.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwazidishia mionzi wagonjwa sita wa Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafariki. Machi 1986, katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, mashine hiyo ilisimama na kuonyesha hitilafu namba 54. Karatasi ya maelezo ilisema tu kwamba namba hiyo inahusu uingizaji wa dozi. Haikumtahadharisha mwendeshaji kwamba mgonjwa huenda ameungua. Wahandisi wa kiwanda walipokuja hawakuweza kuirudia hitilafu, wakasema hawajui ajali yoyote ya mashine hiyo kumzidishia mgonjwa mionzi, ingawa kiwanda kilikuwa kimekwisha kuarifiwa kuhusu ajali ya Julai 1985 huko Hamilton, Kanada. Mashine ikarudishwa kazini, na Aprili mgonjwa mwingine akaungua, namba ikiwa ile ile 54. Chanzo kilianza kujulikana pale mwanafizikia wa hospitali alipoketi na mwendeshaji, ambaye alikuwapo mara zote mbili, wakarudia alichokiandika hadi wakaona kwamba hitilafu hutokea maelekezo ya tiba yanaposahihishwa kwa haraka. Kilichoyaunganisha matukio hayo mawili ni kumbukumbu ya mtu mmoja, ambaye angeweza kuwa amehamishwa.

Kwa hiyo fundi anapofungua taarifa ya hitilafu, programu imwonyeshe papo hapo taarifa zilizotangulia za mashine hiyo na za nyingine za aina yake, vipuri vilivyobadilishwa, cheti cha ukaguzi wa vipimo, na ukurasa wa mwongozo unaoieleza namba iliyoonekana, tena katika toleo linalolingana na mashine yenyewe. Kiungo kati ya taarifa mbili kiseme uhusiano ni upi: taarifa hii inarudia ile, imesababishwa na ile, au inaisubiri ile imalizike. Kisomeke pia kutoka pande zote mbili, la sivyo anayeanzia kwenye taarifa ya zamani hatajua kwamba tatizo lilirudi.

Kinachonisumbua zaidi ni desturi ya kuifunga taarifa ya pili kwa kuandika “marudio” na kuachana nayo. Huko Tyler, taarifa ya pili ndiyo iliyoleta ufumbuzi. Marudio yaunganishwe, na maelezo ya kila aliyeripoti yabaki kama alivyoyaandika.

Naziomba kamati za zabuni zimtake kila muuzaji aonyeshe, kwa kutumia taarifa za hospitali yenyewe, jinsi fundi mgeni atakavyoifuata hitilafu ya leo hadi kwenye chanzo chake bila kumuuliza mtu. Mkataba nao useme wazi kwamba hospitali itakapobadilisha programu, viungo vyote vitahamishwa pamoja na taarifa.

Fundi wa vifaa tiba,
Morogoro