Mzigo unafika Dodoma, lakini haufiki mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usafirishaji wa vifurushi vya haraka kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na hasa kipande chake cha mwisho, kile cha kutoka stendi hadi mlangoni kwa mpokeaji, ambacho kwa maoni yangu kinatukwamisha kuliko kilomita zipatazo 450 za barabara zinazokitangulia.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Karakana yangu ipo Ipagala, hapa Dodoma, na kazi zangu nyingi zipo vijijini, katika wilaya za Chamwino na Bahi. Vipuri vikubwa ninavipata hapa mjini, lakini vidogo, ambavyo ndivyo vinavyosimamisha pampu mara kwa mara, inanibidi niviagize Kariakoo. Kwa hiyo ninapokea mizigo karibu kila wiki, na ninakiri kwa moyo wote kwamba hali ya njiani imebadilika sana. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwezi Oktoba 2023, kifurushi ninachokilipia kwa simu alasiri kinaweza kushushwa stendi ya Nanenane kabla jua halijachomoza. Treni ya SGR, iliyoanza kuleta abiria hapa Julai 2024, inafika kutoka Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa nne. Haraka tuliyokuwa tukiitamani miaka kumi iliyopita tumeipata, ila inaishia stendi.

Miezi michache iliyopita pampu ya umeme wa jua ya kijiji kimoja cha Chamwino iliungua kadi ya kidhibiti chake, kitu chepesi kinachoenea kwenye kiganja. Niliiagiza Jumatatu mchana, ikapakiwa kwenye basi jioni ile ile, na ikafika Dodoma Jumanne alfajiri. Niliishika mkononi Alhamisi saa kumi jioni. Juu ya mfuko wa nailoni mwuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, "Fundi pampu, Ipagala", na namba yangu ya simu, ambayo tarakimu zake mbili za mwisho zilikuwa zimefutika kwa unyevu wa buti la basi. Karani wa mizigo alijaribu kukisia namba, akampata mtu asiyehusika, kisha akampa kijana wa bodaboda akamtafute "fundi pampu wa Ipagala". Kijana akapelekwa kwa fundi mwingine, aliyekuwa safarini. Mzigo ukarudi stendi, ukatolewa tena siku ya pili, ukarudi tena. Nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 8,000. Safari za bodaboda, zile zisizofanikiwa na ile iliyofanikiwa, nililipa shilingi 15,000, wala simlaumu kijana huyo, kwa sababu aliunguza mafuta yake akizunguka na alinionyesha kwenye simu yake orodha ya watu kumi na mmoja aliowapigia akiulizia kwangu.

Katika siku hizo akina mama wa kijiji kile walirudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Nilipofika na kadi yangu nilimkuta mmoja amepiga magoti ndani ya shimo lililomfika kiunoni, anasubiri maji yajikusanye, anayateka kwa kikombe na kuyamimina kwenye ndoo ya lita ishirini, kikombe baada ya kikombe. Sikuwa na neno la kumwambia. Pampu iliwaka baada ya robo saa.

Linaloniumiza zaidi, Ndugu Mhariri, ni kwamba kwenye ukuta wa karakana yangu kuna kibao. Kina jina la barabara na namba ya nyumba, na kilifungwa pale mwaka 2022, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua hapa hapa Dodoma, Februari 8 mwaka huo, operesheni ya Anwani za Makazi. Kazi hiyo ilifanywa kwa haraka ili itangulie Sensa ya Agosti 23, na ilifanywa mitaa yote. Zaidi ya kibao kuna postikodi, yaani tarakimu tano ambazo mbili za mwanzo zinataja kanda na mkoa (kwa Dodoma ni 41), ya tatu inataja wilaya, na mbili za mwisho zinataja kata. Kuna pia programu ya simu, NaPA, ambayo ukiiandikia namba ya nyumba inakuonyesha njia. Serikali imekwishatumia fedha na jasho kumwezesha mgeni asiyemjua mtu yeyote Ipagala afike kwangu bila kuuliza. Katika ofisi zote za mizigo ninazozitumia, hakuna hata moja ambayo risiti yake ina nafasi ya kuandika anwani hiyo. Zina jina, simu, na "kituo".

Wapo watakaosema kwamba simu inatosha, na kwamba Dodoma ni mji mdogo, watu wanajuana. Mji huo mdogo ulikuwa na wakazi 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 na 765,179 katika ile ya mwaka 2022. Wengi wa waliopo Ilazo, Nzuguni, Iyumbu na Mtumba ni wageni, wakiwemo watumishi waliohamishwa na Serikali, na hata sisi wenyeji hatuyajui maeneo yaliyopimwa juzi. Kijana wa bodaboda anaelekezwa "ukifika kwenye mbuyu kata kushoto", naye anakuta mibuyu miwili, au anakuta ule mmoja umekatwa kupisha barabara.

Kuna jambo jingine ambalo nalipitia kwa kifupi. Kuandika jina na simu ya mtu kwa wino mzito juu ya mfuko, ukapita mikononi mwa watu wasiojulikana idadi, ni kuwapa matapeli namba zetu bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na wasafirishaji wangepaswa kuifikiria. Namba ya nyumba kwenye mfuko, na simu ibaki ndani ya daftari au kompyuta ya ofisi, ingetosha kabisa.

Ninafuatilia pia habari za ubunifu mkubwa katika kazi hii. Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa droni tangu mwaka 2016, na hapa kwetu mwaka 2018 droni ilijaribiwa kubeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika zipatazo 40. Ninaziheshimu kazi hizo, na kwa kisiwa au zahanati iliyozingirwa na mafuriko hazina mbadala. Hata hivyo nchi zilizotutangulia zilianza na anwani. Kampuni ya Federal Express ilipoanza kazi Aprili 17, 1973, ndege zake 14 zilibeba vifurushi 186 kwenda miji 25 ya Marekani. Ndege ndizo zilizosifiwa, lakini huduma yenyewe iliwezekana kwa sababu vifurushi vilikusanywa usiku mahali pamoja, Memphis, na kila kimoja kikapangiwa safari yake kwa kusoma anwani iliyoandikwa juu yake. Mpangaji hakuhitaji kumpigia mtu simu.

Ombi langu la kwanza linakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo inayotoa leseni za kusafirisha vifurushi. Iwe ni sharti la leseni kwamba risiti ya kila kifurushi ina nafasi ya namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi, na kwamba karani hapokei kifurushi ikiwa nafasi hizo ziko wazi, isipokuwa mpokeaji amesema atakuja stendi mwenyewe. Wenye mabasi nao wasiliogope jambo hili, maana makarani wao ndio wanaoshinda na simu sikioni na mizigo ya siku tatu imejaa miguuni. Vijana wa bodaboda wanaosimama pale Nanenane wafundishwe kutumia NaPA, na walipwe kwa mzigo uliofika, mpokeaji akithibitisha kwa namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu, badala ya kugombana kuhusu nauli langoni.

Ombi la pili ni kwa Jiji letu. Vibao vya mwaka 2022 vimeanza kupotea. Katika barabara yangu nyumba kadhaa zimepakwa rangi upya na namba zikafunikwa, nyingine zimejengwa baada ya operesheni na hazijawahi kupewa kibao, na nguzo moja ya jina la barabara iligongwa na lori ikalala pale pale. Mwenyekiti wetu wa mtaa amekubali tuanze sisi wenyewe. Jumamosi hii mimi na vijana wawili wa karakana tutapita naye nyumba kwa nyumba tukiorodhesha zisizo na namba, na orodha hiyo nitaifikisha mwenyewe kwa afisa mtendaji wa kata Jumatatu asubuhi.

Wako,
Fundi wa pampu,
Ipagala, Dodoma