Barua ya wazi kwa daktari wa afya ya umma: maji yangu yananuka jiki, wateja wamekataa

Daktari, habari ya kazi.

Mimi ni yule mama wa chapati madondo hapo karibu na steji, yule uliniuliza kwa baraza kama najua kipindupindu kinaua, nikasema najua, watu wakacheka. Sikumaliza kuongea juu maiki ilinyakuliwa, sasa wacha nimalizie hapa.

Ulisema shida ya watu wa Eastlands, huku kwetu Nairobi, ni kwamba hatuogopi, ati tunapewa habari na bado tunakunywa maji yoyote. Tunaogopa sana daktari, ni vile tu hatuogopi kwa mpangilio wa karatasi yako.

Sikia ya kwangu. Kipindupindu kilipovuma mara ya mwisho nilinunua dawa ya maji, ile ya klorini, naweka kwa mtungi wa lita 20, nangoja nusu saa, ndio najaza jagi ya wateja. Siku ya kwanza tu fundi mmoja wa mjengo akanusa glasi akasema mama hii maji inanuka jiki, unataka kutumaliza? Akamwaga chini. Kesho yake nikamwona kwa jirani anakunywa maji ya mkokoteni, meupe kwa macho, hayana harufu, na mimi najua yanachotwa wapi, ile paipu inapita ndani ya mtaro wa choo na imefungwa na mpira wa tyubu. Wiki haikuisha wateja wamehama. Nikajaribu kuchemsha, makaa ikala faida yote. Sasa hivi, na naandika nikijua utasoma, naweka nusu ya ile dawa imeandikwa kwa chupa, ndio isinuke. Hiyo nusu inasaidia ama najidanganya? Hakuna mtu amewahi kuja kuniambia.

Binti yangu anasomea mambo ya afya ya jamii, nikamsimulia akacheka, akaniambia kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Paul Slovic amechunguza hii maneno miaka mingi. Kwamba mtaalamu akipima hatari anaangalia sana ni watu wangapi wanakufa, lakini mtu wa kawaida anaweka na mengine, kama hii kitu nimeizoea ama ni ngeni, nimejichagulia ama nimewekewa na mtu. Nikamwelewa yule fundi hapo hapo. Mkokoteni ameunywa miaka na bado anapanda ngazi na mawe begani. Jiki anajua ni sumu, na mimi nilimwekea bila kumuuliza.

Na si fundi peke yake, hata nyinyi wakubwa mko hivyo. 2014 Ebola ikiwa Liberia na Sierra Leone, Kenya Airways ilisimamisha ndege za huko, kila mtu hapa anaongea Ebola, na Kenya hakukuthibitishwa mgonjwa hata mmoja. 2015 kipindupindu kilikuwa hapa hapa Nairobi, ugonjwa unaweza kukausha mtu afe kwa masaa, na wengi wakiwahiwa na maji ya chumvi na sukari wanapona. Sikumbuki hofu ya ile saizi. Barabara nayo inaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka nchi hii na bado mimi napanda matatu saa kumi na moja asubuhi bila mshipi, nasinzia kabisa.

Halafu vijana wa ofisi yako walikuja na lori. Walimwaga madondo yangu, sufuria nzima, ilikuwa imetokota masaa matatu na bado ilikuwa motoni, hiyo daktari nadhani ndio kitu ilikuwa salama zaidi kwa hiyo steji. Jagi ya maji hawakuigusa. Mwenye mkokoteni alipita katikati yao akisukuma, wakamsongea apite.

Ukiniuliza ni lini tulifuata masharti vizuri nitakuambia 2020 wakati wa Korona, na haikuwa hofu pekee. Kulikuwa na tangi hapa steji, ina sabuni na maji, huwezi panda gari bila kunawa. Tangi bado iko. Mfereji wake uling'olewa, sasa kijana wa bodaboda anaweka helmeti ndani.

Kwa hivyo usituletee posta ingine yenye picha ya mdudu. Maji huku hutoka Alhamisi, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa mbili hivi. Njoo na kile kipimo cha klorini, upime ya mfereji, upime ya mkokoteni, upime jagi yangu na ile nusu yangu ya dawa, halafu uandike majibu kwa karatasi tubandike kwa mlingoti wa stima, na kama kuna kitu hujui pia andika hujui. Fundi huyo nitamwita mwenyewe, hupita hapo saa kumi na mbili. Chai iko, maji yake nitachemsha ukiona.

Mama chapati wa steji